Ombeni, Kisha Mwende Hospitali Wote Wawili

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Maandiko: 2 Wafalme 20:1–7, 1 Samweli 1:1–20, Luka 1:5–7

Leo tunazungumza jambo ambalo kanisani tunaliombea sana lakini hatuliongei.

Kila tunapofungua madhabahu na kusema, "Wenye haja ya mtoto wasogee mbele," wanaokuja ni kina mama. Wanakuja wakilia. Mabwana zao wamebaki kwenye viti, wengine wanaangalia simu. Tunawawekea mikono, tunawapaka mafuta, wanarudi nyumbani. Mwezi unaofuata, ni wale wale. Dada mmoja anaweza kuja mbele hivyo miaka sita, na katika hiyo miaka yote hakuna mtu amewahi kumuuliza swali rahisi: wewe na baba mmewahi kuonana na daktari?

Leo tunauliza. Na ninawauliza wawili wawili.

Nabii aliyeomba ndiye aliyeagiza dawa

Hebu fungua 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia ameugua karibu kufa. Isaya anakuja kumwambia atengeneze mambo ya nyumba yake, kwa maana hataamka. Hezekia anageuza uso ukutani, anaomba, analia sana. Isaya hajatoka hata uani, Mungu anamrudisha: mwambie nimesikia maombi yake, nimeona machozi yake, nitamponya, nitamwongezea miaka 15.

Hapo wengi wetu tungefunga Biblia na kupiga vigelegele. Lakini soma mstari wa 7. Isaya yule yule, aliyebeba neno la uponyaji, anaagiza waletewe tini, zibandikwe juu ya jipu. Wakaziweka, mfalme akapona.

Sasa niambie, ile tini ilikuwa ukosefu wa imani? Kama kutumia dawa ni kumdharau Mungu, mtu wa kwanza kukataa angekuwa Isaya. Yeye ndiye aliyeagiza. Ahadi ilitoka kwa Mungu na tini ilitoka kwa Mungu. Hezekia hakusema, "Mimi nimeshapokea neno, hayo ya tini peleka."

Najua kuna mtu hapa ameshafika Marko 5 kichwani mwake. Anasema, "Lakini pasta, yule mama aliyetokwa damu miaka 12 alimaliza mali yake yote kwa waganga, na hali ikazidi kuwa mbaya." Ni kweli, imeandikwa. Lakini tafuta mahali Yesu alimkemea kwa sababu alienda kutibiwa. Hautapata. Alimwita binti, akamtuma aende kwa amani. Mwingine atanitajia mfalme Asa, katika 2 Mambo ya Nyakati 16. Soma vizuri: kosa la Asa ni kwamba katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana kabisa. Alimwacha Mungu akashika waganga peke yao. Hatusemi mfanye hivyo. Na msisahau kwamba aliyeandika injili inayotupa habari za Elisabeti na Mariamu ni Luka, ambaye Paulo katika Wakolosai 4:14 anamtaja kama tabibu mpendwa. Paulo aliona watu wakifufuka, na bado aliandamana na daktari.

Hii si laana yako

Luka 1:6 inasema Zakaria na Elisabeti wote wawili walikuwa wenye haki mbele za Mungu, hawana lawama katika amri zake. Mstari wa 7 unasema hawakuwa na mtoto. Mistari hiyo miwili imefuatana makusudi. Mtu anaweza kuwa safi mbele za Mungu na bado mimba isishike. Isaka alioa akiwa na miaka 40, akapata mapacha akiwa na 60. Hesabu mwenyewe, hiyo ni miaka 20 ya kungoja, na yeye ni mtoto wa ahadi. Sara, Raheli, Hana, mke wa Manoa, wote walipitia.

Wala si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, linasema karibu mtu mzima mmoja kati ya kila sita duniani hupitia shida hii wakati fulani maishani. Hapa leo tukiwa watu wazima 300, kwa hesabu hiyo ni kama watu 50. Geuka uangalie mstari wako wa viti. Haujui ni nani.

Kwa hivyo nasema na sisi watumishi. Kuhani Eli alimwona Hana akiomba, midomo inatetemeka, sauti haisikiki. Akaamua kwamba amelewa. Mtumishi wa Mungu, amekaa hekaluni, na alisoma machozi ya mama vibaya. Sisi tukimwambia dada, "Tumbo lako limefungwa na nyanya yako wa ushago," na hajapimwa hata damu, tumefanya ya Eli. Eli ana heri moja: Hana alipojieleza, alimsikiliza, akabadilisha maneno, akambariki. Watumishi, tujifunze kusikiliza kabla ya kutangaza.

Baba, simama kidogo

Sasa nazungumza na wanaume, na mimi ni mmoja wenu, kwa hivyo msinikasirikie.

Madaktari wanatuambia kwamba katika karibu nusu ya wanandoa wanaotatizika, kuna jambo upande wa mwanaume. Wakati mwingine ni lake peke yake, wakati mwingine ni lake pamoja na la mke. Lakini nani hupelekwa hospitali? Mke. Nani huitwa majina na mashemeji? Mke. Anapimwa, anapigwa picha, anameza vidonge mwaka mzima, na bwana hajatoa hata kijichupa kimoja cha manii kipimwe. Na kipimo hicho cha mwanaume ni rahisi na bei yake ni nafuu kuliko vingi vya mwanamke. Hakuna kisu, hakuna sindano. Unaambiwa usikutane na mke kwa siku mbili hadi saba, unatoa sampuli, maabara inaangalia idadi ya mbegu, mwendo wake na umbo lake.

Ndugu mmoja atasema, "Mimi nguvu ziko sawa, shida haiwezi kuwa kwangu." Hayo ni mambo mawili tofauti. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zote za ndoa na mbegu zikawa chache, au hazipo kabisa. Mwingine atasema, "Mimi nilishapata mtoto zamani." Hiyo pia haitoshi, kwa sababu mwili hubadilika. Kuna mishipa inayovimba kwenye korodani, kuna maambukizi yaliyoziba njia, kuna matumbwitumbwi yaliyompata mtu akiwa ameshabalehe. Kuna sigara na pombe nyingi. Kuna vijana wetu wa jim wanaojidunga homoni za kujenga misuli, hawajui kwamba homoni hizo huuambia mwili uache kutengeneza mbegu. Habari njema ni kwamba mengi ya hayo yana msaada. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa, kwa hivyo ukibadilisha mwenendo leo, usihukumu matokeo wiki ijayo.

Mimi nilisomea biashara chuoni. Jambo moja tulilofundishwa ni kwamba duka likipata hasara, haukagui rafu moja na kuacha ingine kwa sababu ni ya mwenye duka. Unakagua zote. Baba, ukikataa kupimwa, mke wako anabeba deni ambalo hujui kama ni lake.

Isaka katika Mwanzo 25:21 alimwombea mke wake. Yakobo, Raheli alipomlilia, alimkasirikia, iko Mwanzo 30:2. Wewe ni mume gani kati ya hao wawili?

Ni wakati gani wa kwenda?

Mwongozo wa madaktari ni huu. Kama mke hajafika miaka 35, na mmekutana mara kwa mara bila kuzuia mimba kwa miezi 12 na haijashika, nendeni. Kama mke ana miaka 35 au zaidi, msingoje mwaka, nendeni baada ya miezi sita. Amepita 40, nendeni mara moja. Na msingoje hata kidogo kama hedhi inapotea miezi au haina mpangilio, kama maumivu ya hedhi yanamlaza kitandani, kama aliwahi kuugua maambukizi ya nyonga au kufanyiwa upasuaji wa tumbo la chini, au kama baba aliwahi kuumia au kupasuliwa korodani.

Nimesema "mmekutana mara kwa mara." Hapa tuongee ukweli. Kuna bwana anafanya kazi Mombasa, mke yuko Kakamega na shule yake. Wanaonana Pasaka, Agosti na Krismasi. Halafu wanakuja kuombewa kwamba ni miaka minne. Wapendwa, hiyo si miaka minne, hizo ni wiki chache. Yai la mwanamke likitoka huishi kama siku moja tu. Mbegu ya kiume inaweza kungoja ndani hadi siku tano. Kwa hivyo nafasi ya kushika mimba ni kama siku sita kwa mwezi, na kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, siku hizo huangukia kati ya siku ya 9 na ya 14, ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi. Likizo yako ikikosa siku hizo, umekosa mwezi. Kukutana kila siku mbili au tatu mwezi mzima kunatosha, hata bila kuhesabu.

Na kuna wale wa kiroho sana. Wanafunga siku 40 kuomba mtoto, na katika hizo siku 40 kila mtu analala chumba chake. Soma 1 Wakorintho 5. Samahani, ni sura ya 7, mstari wa 5. Paulo anasema msinyimane, isipokuwa mmepatana kwa muda, halafu mrudiane. Angalia Hana pia. Baada ya maombi na ibada ya asubuhi walirudi nyumbani Rama, na Elkana akakutana na mkewe, ndipo Bwana akamkumbuka.

Mkifika huko

Anzeni na hospitali iliyo karibu, hata ya kaunti. Mtaelekezwa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake mkihitaji. Nendeni wawili siku ya kwanza. Mtaulizwa maswali ya ndani: hedhi, mimba zilizotoka, magonjwa ya zinaa ya zamani, dawa mnazotumia. Dada, kama kuna jambo la kabla ya wokovu, mimba iliyotolewa kwa njia isiyo salama au kisonono ambacho hakikutibiwa, mwambie daktari. Damu ya Yesu imekwisha kukusafisha, lakini mirija bado inaweza kuwa na kovu, na daktari hawezi kutibu alichofichwa. Kama ni jambo zito kulisema mbele ya mume wako, omba dakika chache na daktari peke yako.

Vipimo vya kawaida vya mama ni damu ya kuangalia homoni na kama yai linatoka, skani ya kuangalia kizazi na mayai, na baadaye picha ya eksirei ambapo dawa ya rangi hupitishwa kuona kama mirija iko wazi. Yanayopatikana sana ni mayai yasiyokomaa kila mwezi, mirija iliyoziba, uvimbe wa kizazi, au shida ya tezi ya shingo. Kila moja ina njia yake. Wengine husaidiwa na vidonge tu. Wengine upasuaji. Wakati mwingine vipimo vyote vinatoka vizuri na sababu haionekani. Na mama yeyote anayetafuta mimba aulize kuhusu vidonge vya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, ambavyo hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ya uti wa mgongo.

Hapa Raheli ana neno kwetu. Katika Mwanzo 30 alisikia Reubeni ameokota tunguja kondeni, mmea ambao watu wa zamani waliamini unaleta mimba. Akaununua kwa bei ya ajabu, akampa Lea usiku wa mume. Aliyeshika mimba kutokana na biashara ile ni Lea. Dada zangu, tunguja za leo ziko kwenye status za WhatsApp: "dawa ya kusafisha kizazi, mapacha kwa wiki tatu." Ziko sokoni ndani ya chupa za soda. Haujui kilichomo, haujui kipimo, na haujui itafanya nini kwa ini lako. Kabla ya kumpa mtu mwili wako, hakikisha ana leseni. Baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha ya madaktari na hospitali zilizosajiliwa, na mtu yeyote anaweza kuangalia.

Hesabuni gharama

Kuna wengine wataambiwa kuhusu kutunga mimba maabara, IVF. Mtoto wa kwanza duniani wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978. Hapa Kenya tumekuwa nao tangu 2006. Ni watoto kama watoto wengine, wanatukuzwa kwa Bwana kama wengine, na nisisikie mtu hapa anawaita jina lingine.

Lakini Yesu katika Luka 14:28 alisema anayejenga mnara huketi kwanza ahesabu gharama. Jaribio moja linagharimu laki kadhaa. Hakuna daktari mkweli atakayekuhakikishia kwamba litafaulu, na kadiri umri wa mama unavyoongezeka ndivyo nafasi inavyopungua. Kwa hivyo kabla ya kuuza shamba au kuchukua mkopo wa sacco, ketini. Mwulizeni daktari: kwa umri wetu na hali yetu, nafasi ni kiasi gani? Likikosa, tutabaki na nini? Bima yetu inalipa sehemu gani? Ni mimba ngapi zitatungwa, na zile hazikutumika zitafanywa nini? Hilo la mwisho ni swali la dhamiri. Njooni tuombe na tuzungumze kabla ya kuanza.

Na yeyote atakayewaambia mtoe mbegu ya elfu fulani ndipo tumbo lifunguke, hajatumwa na madhabahu hii. Hizo pesa pelekeni maabara mpimwe.

Kabla jibu lije

Siwezi kusimama hapa na kuwaahidi kwamba kila mtu atabeba mtoto wake. Wengine wataomba, watatibiwa, na haitakuwa. Hilo ni jambo la uchungu na sitalipaka sukari. Lakini muone Hana mstari wa 18. Alikula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Hiyo ni kabla ya mimba. Alikuwa ameweka jambo mikononi mwa Bwana, akarudi kuishi. Isaya 56 inawaambia wasio na uzao kwamba Mungu ana jina la kuwapa ndani ya nyumba yake, lililo bora kuliko wana na binti. Mordekai alimlea Esta ambaye hakuwa na baba wala mama, na taifa likaokoka. Kuasili mtoto si kushindwa. Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka utaratibu wake, fuateni huo, msichukue mtoto kwa njia za vichochoroni.

Mama mkwe, nakuheshimu sana. Lakini usiwe Penina. Ile simu ya kila Jumapili jioni, "Hakuna habari bado?", acha kuipiga. Na sisi wengine, tukome kuuliza waliooana juzi, "Tutabeba lini?"

Sasa, kuanzia mwezi huu, maombi ya kupata mtoto tutayaita kwa wanandoa. Baba atasogea na mama, na kama mama amekuja peke yake tutamwombea bila kumuuliza mbele ya watu, lakini tutamtafuta baba nyumbani. Na hakuna mtu anayeruhusiwa kumwambia mshirika aache dawa kwa jina la kanisa hili. Ukiponywa, rudi kwa daktari upimwe. Hata wale wakoma kumi Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani.

Tuombe. Bwana, unazijua nyumba ambazo chumba kimoja kimebaki kitupu. Wape wanandoa moyo mmoja. Ondoa aibu kwa baba, ondoa mzigo wa lawama kwa mama. Ongoza mikono ya madaktari. Jibu lolote litakapokuja, wakukute uko pamoja nao. Katika jina la Yesu, Amina.

Ya kuzungumza katika vikundi vya nyumbani

1. Katika 2 Wafalme 20, kwa nini Isaya aliagiza tini baada ya Mungu kuahidi uponyaji?
2. Soma 1 Samweli 1:8. Maneno ya Elkana yalimsaidia Hana? Mume angesema nini kingine?
3. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mwanandoa anayeogopa kwenda kupimwa, bila kufichua siri yake?